Mwaka Dominika Alipoitwa Digna

Dominika Athanas alikuwa wa kwanza darasani tangu la kwanza hadi la saba. Mimi nilikuwa naelea kati ya wa tatu na wa sita. Naanza na hili kwa sababu watu wakiniona leo na kazi yangu ya posta pale Moshi mjini, hudhani mimi ndiye niliyekuwa na kichwa, na yeye, mwalimu wa UPE huko mlimani, ndiye aliyesukumwa akasogea. Ilikuwa kinyume. Nilikaa naye dawati moja miaka minne, na ninajua nani alikuwa akichungulia daftari la nani.

Vihamba vyetu, yale mashamba yanayozunguka nyumba, vilipakana. Migomba yao ilianza pale kahawa yetu ilipoishia, na mfongo, mfereji wetu wa maji, ulipita kwao kwanza ndipo ukafika kwetu. Nyumba kumi na saba zilitumia mfongo ule kwa zamu, na kila mara nyumba moja au mbili zilipokosa kuja, wazee walikuwa wakigombana namna ya kugawana saa zilizobaki. Dominika akiwa darasa la tano alisimama pembeni siku moja akasikiliza, kisha akamwambia baba yake kwa sauti ndogo nani aanze saa ngapi na amwachie nani. Mzee Athanas akawatangazia wenzake kana kwamba ni hesabu yake mwenyewe. Baada ya miezi michache hawakujificha tena. Ugomvi wa maji ukianza, mtu alitumwa akamwite yule mtoto.

Mtihani wa darasa la saba tuliufanya Oktoba 1976, siku mbili. Walimu wetu waliondolewa, wakaletwa wasimamizi wa shule nyingine ambao hatukujua hata majina yao. Tulikaa mmoja mmoja kwenye dawati. Tuliokuwa tumezoea kubanana watatu tukajiona kama tumevuliwa nguo. Kila swali lilikuwa na majibu yenye herufi, uchague moja. Katika karatasi ya Kiswahili kulikuwa na methali za kukamilisha, nyingi zikiwa za watu wa pwani, na sisi nyumbani tulisema Kichagga asubuhi hadi jioni. Kiswahili kilikuwa lugha ya shule na ya mahubiri. Niliandika herufi zilizonijia. Kwenye hesabu nilibahatisha maswali manane. Najua ni manane kwa sababu niliyahesabu.

Tulipotoka, Dominika alitukalisha kwenye majani akatueleza majibu yote ya hesabu, moja baada ya jingine, bila karatasi. Nikagundua nimekosa sita kati ya yale manane, na mengine matatu niliyodhani nimepata. Nilirudi nyumbani nikamwambia mama yangu anitafutie kazi ya kufanya.

Matokeo yalikuja mwisho wa Desemba. Mwalimu Primus, mwalimu mkuu wetu, alituita shuleni ingawa ilikuwa likizo. Tulikuwa arobaini na sita, pamoja na wazazi walioweza kuja. Alitoa karatasi kwenye bahasha, akaisoma kimya, kisha akaigeuza kutazama kama kuna chochote nyuma. Hakukuwa na kitu. Akasoma majina mawili.

"Januari Kavishe. Mektrida Wenseslaus."

Mektrida ndiye mimi. Mama yangu alipiga kigelegele, akanyamaza katikati kwa sababu hakuna aliyeitikia. Watu wote walikuwa wanamtazama Dominika. Yeye alikuwa anamtazama Mwalimu Primus, akisubiri aendelee.

"Ndio hao," Mwalimu Primus alisema. "Ndio hao tu."

Juma lililofuata Mzee Athanas alimchukua binti yake wakashuka mjini kwa miguu, wakaenda kwenye ofisi ya elimu. Dominika alinisimulia safari ile mara nyingi, na kila mara kwa maneno yaleyale. Walikaa kwenye benchi tangu saa mbili hadi saa nane. Hatimaye ofisa mmoja aliwapokea, mtu mpole, akawapa hata kiti.

"Bwana mkubwa, nimekuja kuuliza mtoto huyu alikosea wapi," Mzee Athanas alisema. "Ili akajisahihishe."

"Alama hazitolewi, mzee wangu. Hata mimi sina hapa."

"Basi nani anazo?"

"Ziko huko juu. Na hakuna aliyesema mtoto amekosea. Kufaulu ni jambo moja na kuchaguliwa ni jambo jingine. Huenda amefaulu vizuri sana. Lakini kila mkoa una nafasi zake, na mkoa wetu huu una watoto wengi wanaofaulu. Kuna mikoa haikuwa na shule wakati wa mkoloni. Misheni zilijaa huku kwetu, kule hazikufika. Taifa limesema na wao wapate. Utasema hiyo siyo haki?"

Mzee Athanas alifikiri. Alikuwa mwanachama wa TANU tangu kabla ya uhuru, na maneno ya usawa aliyaamini kwa moyo.

"Ni haki," alisema.

"Sasa unaona."

"Naona. Lakini huyu nimwambie nini?"

Ofisa akamtazama Dominika, akafungua droo na kuifunga. "Mwambie alime," alisema. "Elimu ya msingi imekamilika yenyewe. Inamwandaa mtoto kwa maisha ya kijijini." Alilisema bila kejeli. Ndivyo ilivyoandikwa kwenye vitabu, na ndivyo walivyofundishwa kusema.

Mimi niliondoka Januari. Nilipelekwa shule ya wasichana mkoa wa mbali, siku mbili njiani. Kwenye kitanda jirani na changu alilala binti kutoka Kigoma, ambaye shuleni kwao hawakuwa na mwalimu wa hesabu kwa miaka miwili, wakajifundisha wenyewe kwa kitabu kilichokosa kurasa za mwisho. Mwaka wa kwanza nilimzidi. Mwaka wa pili alinipita, na sikumfikia tena. Mtu akiniambia zile nafasi za mikoa zilikuwa upuuzi, namkumbuka yule binti na ninanyamaza. Kisha namkumbuka Dominika, nanyamaza pia.

Yaliyotokea mwaka ule wa 1977 niliyapata kwa barua zake, na mengine nikiwa likizo.

Mwalimu Primus hakulala vizuri tangu ile Desemba. Alikuwa amefundisha miaka kumi na minane na hakuwahi kupata mwanafunzi kama yule. Kurudia darasa la saba kulikatazwa. Mtoto aliyekwisha kufanya mtihani jina lake lilikuwa limekwisha tumika. Jioni moja ya Januari alifika kwa Mzee Athanas, akakaa, akakataa pombe ya mbege aliyopewa, na hapo wakajua ana jambo.

"Kuna jina," alisema. "Liko kwenye rejista ya darasa la saba la mwaka huu. Ningepaswa kulikata mwaka jana. Sikupata moyo."

Lilikuwa jina la Digna Rogath. Digna alikuwa nyuma yetu darasa moja, mtoto mrefu mwenye mwanya, mwimbaji wa kwaya. Alifariki Mei 1976 kwa homa ya uti wa mgongo, siku tatu tu tangu aanze kuumwa kichwa. Baba yake, Rogath, alifanya kazi kwenye mashamba ya miwa huko chini na kupanda nyumbani Jumamosi. Mama yake, Redempta, alibaki na wadogo wawili.

Mzee Athanas hakujibu siku ile. Wala ya pili. Siku ya tatu alichuma jani la isale, lile ambalo kwetu mtu hulibeba anapokwenda kuomba jambo zito au kutaka msamaha, akamchukua Dominika na mkungu wa ndizi, wakaenda kwa Mama Redempta.

"Shikamoo, mama," Dominika alisalimu.

"Marahaba, mwanangu. Karibuni." Redempta akaliona lile jani mkononi mwa Mzee Athanas, akaweka chini ungo aliokuwa akipepetea maharage. "Baba Dominika, mmenikosea nini?"

"Bado hatujakukosea, mama. Tumekuja kabla."

Akamweleza. Redempta alisikiliza hadi mwisho bila kuuliza. Kisha akasema, "Mnataka jina la mwanangu."

"Tunaliazima."

"Jina likishakwenda sekondari linarudi lini?"

Redempta akamgeukia Dominika.

"Na wewe mwenyewe unataka?"

"Nataka kusoma, mama."

"Sikukuuliza hilo."

Dominika aliniambia kwamba hapo alianza kulia, na Redempta hakumbembeleza, alimwacha tu alie mpaka akamaliza. Kisha akalipokea lile jani.

"Chukueni. Huku kwangu limekaa tu, hakuna wa kuitwa. Lakini usinipite na madaftari bila kunisalimu. Hata ukichelewa, unisalimu."

Basi mwaka mzima Dominika alipita pale kila asubuhi. Alisema kuitikia ndiko kulikomshinda. Mwalimu akiita "Digna Rogath" wakati wa mahudhurio, yeye alinyamaza, halafu mwenzake akimpiga kiwiko ndipo aliposema "Nipo". Watoto wa darasa lile walijua. Kijiji kizima kilijua. Ilikuwa siri ya namna ile ambayo kila mtu anaijua na kila mtu anaona haya kuwa wa kwanza kuitaja. Katika vijiji vingine nako yalifanyika mambo kama hayo. Wengine waliwapeleka watoto kwa wajomba waliohamia mikoa yenye nafasi nyingi, na walioshindwa safari walitafuta jina la mtu aliyeacha shule.

Oktoba akafanya mtihani tena, na mwisho wa Desemba bahasha ikafika. Mimi nilikuwa nyumbani kwa likizo, nikaenda. Mwaka ule yalisomwa majina matatu, na la pili lilikuwa Digna Rogath.

Nilidhani tutashangilia. Mama Redempta alikuwa amesimama ukutani na mtoto mgongoni. Aliposikia jina lile likisomwa mbele ya watu, kwa sauti kubwa, alipiga hatua mbili mbele kama mtu aliyeitwa. Akasimama. Dominika alitoka kwenye mstari akamwendea, akapiga magoti mbele yake, na Redempta akamshika kichwa kwa mikono yote miwili. Wanawake wachache wakaanza kuimba, wengine wakaondoka polepole.

Kwa siku kumi na mbili Dominika alikuwa mwanafunzi wa sekondari. Baba yake alimtafutia sanduku la bati kutoka kwa fundi wa Kwa Sadala, akambebea kichwani kutoka huko. Nilimfundisha namna ya kutandika kitanda cha bweni. Tulizunguka naye nikimwambia yupi ni mwalimu wa kuogopwa na siku gani wanapika wali, ingawa hatukujua kama atapelekwa shule yangu. Jioni moja aliniuliza, "Mektrida, nikiwa huko mtaniita nani?"

"Tutakuita Digna."

"Miaka minne?"

"Miaka minne. Labda na kazini."

"Na nikiolewa?" Tulicheka. Nakumbuka tulicheka sana, kwa sababu jambo lenyewe lilionekana kuwa mbali.

Aliyeandika barua kwenda wilayani alikuwa Filemon, jirani yetu wa upande wa juu, mjumbe wa halmashauri ya parokia. Mwanawe Leonce alikuwa katika darasa lile na hakuchaguliwa. Wengi walimchukia Filemon kwa barua ile, na mimi nilimchukia. Lakini alimfuata Mzee Athanas mwenyewe, mchana, mbele ya watu, akamwambia.

"Mimi sikumtakia mtoto wako mabaya. Lile jeneza nilibeba mimi, begani, unakumbuka. Leonce amerudi nyumbani akaniuliza, baba, nimeshindwaje na Digna? Nimeshindwaje na mtu aliyekufa? Nikakosa la kumjibu. Ungemjibu nini?"

"Nisingekuwa na la kumjibu," Mzee Athanas alisema.

"Basi usinitazame hivyo."

Ofisa aliyekuja kuchunguza hakuwa yule mpole wa mwaka uliotangulia. Alikuwa kijana, amevaa suti ya Kaunda, mwenye haraka. Alikaa ofisini kwa Mwalimu Primus na rejista mbili mbele yake, akaagiza aitwe mwanafunzi Digna Rogath. Tulikuwa tumejazana nje dirishani. Dominika aliingia akasimama.

"Jina lako nani?"

Dominika akamtazama Mwalimu Primus.

"Nakuuliza jina lako. Hilo nalo gumu?"

Mtoto aliyejibu kila swali aliloulizwa kwa miaka minane alisimama pale akifungua mdomo na kuufunga. Ofisa akarudia mara ya tatu. Mwalimu Primus akasema, "Mwache, bwana. Niulize mimi." Lakini ofisa alitaka ushahidi, akamtuma mtu amlete mama wa huyo Digna.

Redempta alikuja kutoka shambani, matope yamemkauka mikononi.

"Mama, una mtoto anaitwa Digna?"

"Ninaye."

"Yuko wapi?"

Redempta aliinua mkono kuelekea aliposimama Dominika. Mkono ukafika nusu, ukashuka. Kisha akatoka nje, na ofisa akamfuata, na sisi tukafuata nyuma yao, mteremko wote ule hadi kwake, nyuma ya nyumba, katikati ya migomba. Hapo akasimama. Kulikuwa na msalaba wa mbao wenye jina na miaka. Yule kijana alisoma, akayaandika maandishi ya msalaba kwenye daftari lake. Aliandika taratibu kuliko alivyosema. Alipomaliza alisema, "Pole, mama," na Redempta akamwambia, "Asante."

Nafasi ikafutwa. Filemon alipokwenda kuuliza kama sasa atapewa Leonce, au mtoto yeyote wa shule yetu, aliambiwa orodha haijazwi huku chini. Kwa hiyo mwaka ule walikwenda wawili badala ya watatu, na mahali fulani kwenye bweni fulani kitanda kimoja kilibaki kitupu, au alipewa mtu tusiyemjua. Mwalimu Primus alivuliwa ukuu wa shule, akahamishwa kwenda kufundisha mkoa wa kusini. Alikuja kutuaga nyumba kwa nyumba. Kwa Mzee Athanas alikaa kidogo tu. Alimwambia Dominika, "Nilifikiri nakufungulia mlango." Dominika hakumlaumu, alimpa ndizi za safari. Tulisikia baadaye kwamba alistaafu hukohuko.

Miaka miwili iliyofuata Dominika alichuma kahawa, alikata majani ya ng'ombe, aliwapikia wadogo zake kiburu, akaimba kwaya. Nikirudi likizo nilikuwa nafika kwao na vitabu vyangu, mwanzoni kwa nia njema. Alivipitia vya hesabu kwa siku tatu nne, akanielewesha mahali ambapo mwalimu wangu alinipita, kisha akavirudisha. Likizo ya tatu aliniambia nisivilete.

"Si wivu, Mektrida. Ukiondoka navyo ndipo ninapoumia."

Mwaka 1979 serikali, kwa mpango wake wa UPE, ilitaka kila mtoto awe shuleni, na walimu hawakutosha hata robo. Katibu wa kijiji akatangaza kwamba wanatafutwa waliomaliza darasa la saba, wafunzwe ualimu palepale kijijini, huku wakifundisha. Dominika aliandika barua ya kuomba kwa jina lake mwenyewe. Wiki mbili alikosa usingizi, akidhani sasa watafukua ule mkasa, watasema huyu ndiye yule mdanganyifu. Hakuna aliyeuliza kitu. Alipokelewa kabla hata ya kumaliza kusema anajua kusoma.

Hivyo yule ambaye mtihani ulimwambia masomo yake yamekwisha, akawa mwalimu, katika shule ileile. Watu walikuwa na mzaha wao kwamba UPE maana yake ni Ualimu Pasipo Elimu, na hata vijana waliosoma naye waliusema mbele yake. Asubuhi alifundisha watoto themanini wa darasa la pili, mchana alikaa na wenzake mbele ya mkufunzi kujifunza namna ya kufundisha. Chaki zilipokosekana alitumia mihogo iliyokauka. Mafuta ya taa yalipokosekana alisahihisha madaftari kabla jua halijazama, akitembea nayo njiani. Baada ya miaka mitatu akapata cheti chake cha daraja la chini kabisa, akapandishwa kufundisha hesabu darasa la sita na la saba.

Alikuwa mwalimu mzuri. Sisemi hivyo kwa urafiki. Watoto waliotoka kwake walihesabu kichwani vizuri kuliko makarani ninaofanya nao kazi. Na kila mwaka walichaguliwa wawili, au watatu. Mwaka 1982 alichaguliwa mmoja. Alifanya yote aliyoyajua. Alianza masomo ya ziada Jumamosi, aliomba karatasi za zamani shule za jirani, aliwaandikia watoto methali za pwani kwenye mabango ukutani, moja kwa kila siku ya shule. Watoto walifaulu zaidi na zaidi, hilo hakuwa na shaka nalo. Ila nafasi hazikuongezeka kwa sababu yeye amefundisha vizuri. Kama angefundisha vibaya wangechaguliwa watoto wa mwalimu mwingine wa kijiji kingine, na jumla ya watoto waliobaki nyumbani ingekuwa ileile.

Alinieleza jambo hilo siku moja tukiwa tumekaa nje ya posta, amekuja mjini kufuata mshahara. Nikapata ujasiri wa kumuuliza kitu nilichokibeba miaka yote.

"Dominika, huwa unafikiri karatasi zetu zilichanganywa? Yangu na yako?"

Hakushangaa hata kidogo. "Nilifikiri hivyo miaka mitano," alisema. "Nilikuwa naamka nalo. Sasa hivi naona hata kama zilichanganywa, hakuna mtu wa kumwambia. Wewe utafanya nini? Utanipa kazi yako?"

Akanipiga begani kidogo, akasema basi linamwacha.

Mwisho wa 1984 mwalimu mkuu wa wakati ule alikuwa amelazwa hospitali ya Mawenzi, na Dominika ndiye aliyepelekewa bahasha. Darasa la saba lilikuwa na watoto hamsini na nane. Nilikuwa nimepanda nyumbani kwa Krismasi, akaniomba nisimame naye. Alisoma majina matatu. Wazazi wakasubiri. Alikuwa ameandaa maneno ya kuwaambia wale wengine, aliniambia alikuwa ameyaandika kabisa. Akayatoa mfukoni, akayatazama, akayarudisha.

"Nendeni nyumbani," alisema. "Wasalimieni."

Mzazi mmoja, mama mwenye binti aitwaye Dafroza ambaye Dominika alikuwa amemwambia asiwe na wasiwasi, alimfuata hadi mlangoni. Hakugomba. Alimuuliza kama kuna kitu wangeweza kufanya, yeye na mumewe, ambacho hawakukifanya. Dominika akamwambia hapana, mlifanya kila kitu. Yule mama akashukuru, akaenda. Ingekuwa heri angegomba.

Shule zilipofunguliwa Januari lilitokea jambo ambalo hakuna aliyelipanga. Siku ya Jumatatu, watoto kumi na mmoja kati ya wale ambao hawakuchaguliwa walikuja shuleni asubuhi wamevaa sare. Hawakuingia darasani, maana halikuwa lao tena. Walikaa kwenye ukuta mfupi wa mawe upande wa nje wa dirisha la darasa la saba, na Dafroza akiwa miongoni mwao, wakasikiliza somo la hesabu. Sheria ilimtaka Dominika awafukuze. Alisogea dirishani mara mbili kufanya hivyo, na mara zote mbili akarudi ubaoni na kuendelea kwa sauti ya juu zaidi ili wasikie.

Jumanne walikuja wanane. Jumatano watano. Wazazi walianza kuwahitaji, kahawa ilitaka kupaliliwa, na mmoja alikuwa amepelekwa mjini kulea mtoto wa ndugu. Dominika alifikiri awape kazi, awape majembe ya shamba la shule, awape angalau daftari la zamani, lakini kila alichofikiria kilikuwa kama kuwaahidi kitu. Alhamisi alikuja Dafroza peke yake. Alikaa mpaka kengele ya saa nne, akasimama, akajipangusa vumbi sketi yake kwa uangalifu, akaenda.

Ijumaa ukuta ulikuwa mtupu. Dominika aliingia darasani, watoto sitini na mmoja wakasimama kumwamkia, akawaambia wakae, akaanza na hesabu za sehemu.